Swali Lisilo na Mwenyewe

Sheria ya mwaka 1862 katika Marekani ilimpa mlowezi ekari 160 za serikali. Akikaa na kulima miaka mitano zilikuwa zake. Majirani wakawa mbalimbali, na jioni nyingine walikutana katika nyumba ya shule wapate kujadiliana. Twaona walifanya vema. Ukimwuliza mtu, “Mbona ng'ombe wako wamekula mahindi yangu?” hupati ila ugomvi. Bali uliza, “Kama kisima kingekuwa kimoja tu, nani angeteka kwanza?” Hata mjane aliyenyamaza mwaka mzima atasema. Walakini swali kama hilo laweza kuwa mwiba. Sisi wenyewe tuliliuliza barazani. Mwenye kisima akaondoka bila kuaga, nasi twakiri tulijua yupo.