Vitabu Vimeshaandikwa, Sasa Visomwe

Usiku, katika mji mmoja wa bonde la kati la California, mama mwenye asili ya Kambodia na binti zake wawili wako dukani wanauza donati. Kila usiku anaingia mwanamume yuleyule, anaagiza donati ileile ya tufaha, anakaa nayo mezani wala haili. Mabinti wanamchunguza: huyu ni Mkambodia mwenzetu? Ndivyo inavyoanza Afterparties, mkusanyiko wa hadithi wa Anthony Veasna So uliotoka 2021, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Maduka mengi ya donati California ni ya familia za Kikambodia, na wanafunzi wa vyuo vya jimbo hilo hununua humo kila asubuhi. Nataka wakutane na familia hizo kitabuni pia, kabla hawajahitimu.

Vitabu vipo, tena vizuri! Viet Thanh Nguyen aliikimbia Vietnam mwaka 1975 akiwa na miaka minne. Mwaka 2016 riwaya yake The Sympathizer ikashinda Tuzo ya Pulitzer. Kim Thúy, mzaliwa wa Vietnam, anaandika kwa Kifaransa huko Quebec. Kao Kalia Yang, wa jamii ya Wahmong wa Laos, aliyezaliwa katika kambi ya Ban Vinai nchini Thailand, ameandika safari ya ukoo wake, bibi yake akiwa moyoni mwa kitabu.

Kinachoniuma ni mahali tunapoviweka. Mara nyingi huitwa darasani kwa wiki moja ya somo la vita, kisha vinarudi rafuni. Vietnam ni nchi ya watu, si vita tu! The Best We Could Do, kitabu cha michoro cha Thi Bui cha mwaka 2017, kinaanza na mwanamke akiwa kwenye uchungu wa kuzaa hospitalini New York; mwalimu wa ukunga angeweza kukitumia kesho asubuhi. Katika hadithi moja ya Souvankham Thammavongsa, mama na binti wa Kilao wanaokota minyoo shambani usiku kwa ujira. Mama ni hodari wa kazi hiyo kuliko wote, lakini usimamizi anapewa kijana wa Kizungu aliyekuja juzi. Wape hadithi hiyo wanafunzi wa sheria za kazi, uone mjadala utakavyowaka.

Wala usiseme mwanafunzi hana nguvu. Mwezi Novemba 1968 wanafunzi wa chuo cha San Francisco State waligoma, Weusi, Walatino, Waasia na Wenyeji wa Marekani bega kwa bega, wakapigwa virungu na kukamatwa, na hawakurudi nyuma hadi Machi 1969. Walitaka historia za watu wao zifundishwe, na kitivo cha kuzifundisha kikaanzishwa. Hapo ndipo anapofundisha Isabelle Thuy Pelaud, aliyeshirikiana na Nguyen kuanzisha mtandao wa waandishi na wasanii wa Kivietnam walio ughaibuni. Chuo Kikuu cha California, Irvine, jirani na Wavietnam wengi wa Orange County, kimekusanya kumbukumbu za wakimbizi wa Asia ya Kusini-Mashariki tangu 1987. Mlango uko wazi, ingieni!

Nasi Waswahili tuliotawanyika katika vyuo vya Marekani na Kanada tusikae pembeni. Tuzo ya Giller ya Kanada ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1994, aliichukua M.G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Mwaka 2020 akaichukua Thammavongsa, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Nong Khai, Thailand. Na mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021, wangapi walikwenda kumtafuta madukani wakakuta hayupo? Tunajua uchungu wa sifa kuvuma huku rafu ni tupu. Basi tusingoje tuzo nyingine, wala mwezi wa Mei wa kuadhimisha urithi wa Waasia.

Anza wiki hii. Chagua kitabu kimoja. Soma kurasa mbili kwa sauti bwenini, mbele ya wanaotaka kusikia na wasiotaka. Mfuate mhadhiri sasa anapopanga kozi ya muhula ujao, maana akishaipanga umechelewa. Maktaba ikikosa nakala, omba fomu ya kuagiza kitabu, kisha tafuta wenzako watano walio tayari kukisoma, na kila mmoja ajaze fomu yake kwa jina lake.