Haki ya Rafiki juu ya Siri ya Moyo

Marafiki wawili waliogawana kila kosa na kila adhabu kwa muda wa miaka, je, mmoja wao ana ruhusa ya kumficha mwenziwe uamuzi mkubwa kuliko wote aliopata kuukata? Swali hili ni zito, walakini sikukutana nalo katika kitabu cha hekima. Nilikutana nalo katika filamu ya kuchekesha.

Filamu yenyewe huitwa The Trouble with Angels, nayo ilitoka Marekani mwaka 1966. Iliongozwa na Ida Lupino, mmoja wa wanawake wachache mno waliopata kuongoza filamu Hollywood katika zama zile, na ikawa filamu yake ndefu ya mwisho ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Hayley Mills ni Mary Clancy, yatima aliyeletwa na ami yake katika shule ya bweni ya masista wa Kikatoliki. June Harding ni Rachel, rafiki yake. Na Rosalind Russell ni Mama Mkuu, ambaye huwatazama wote wawili kwa jicho la mtu aliyekwisha kuona utundu mwingi na hashangazwi na mwingine.

Utundu wao si haba. Hutia unga wa sabuni ya povu katika mabakuli ya sukari ya masista. Huvuta sigara kubwa chini ya jengo mpaka wazima moto wakaitwa. Humpaka mwenzao plasta usoni wapate sura yake, kisha plasta ikakataa kutoka. Huwatembeza wenzao kwa malipo katika sehemu ya masista wasiyoruhusiwa kuiingia. Kila mara Mary ndiye mwenye shauri, na kila mara Rachel yumo; na masufuria ya jikoni, ambayo ndiyo adhabu, huyasugua pamoja. Msomaji aliyepata kulala katika bweni atajua kwamba hakuna kiapo kinachofunga watu kama sufuria lililoungua.

Lakini Mary huanza kuona mambo ambayo Rachel hayaoni. Sista mmoja mzee hufariki, na Mary humwona Mama Mkuu, aliyekuwa mkavu kama jiwe mbele ya watu, akilia peke yake karibu na jeneza. Hujulikana pia kwamba mama huyo alikuwa na kipawa cha kubuni mavazi, na kwamba alikiacha bila kukidharau. Hakuna anayemhubiri Mary. Huona tu, naye hukaa kimya. Siku za shule zinapofikia mwisho, huwa amekwisha kuamua kubaki na kuwa sista. Rachel hapati habari ila mambo yakiwa yamekatwa. Hukasirika, na hudhani rafiki yake amerogwa akili na wakubwa wao.

Watazamaji wengi hulihesabu hasira hilo kuwa la kitoto. Mimi sikubali. Madai ya Rachel yana msingi. Mtu aliyeitwa kushiriki hatari zote za mwenziwe amepewa, hata bila maneno, sehemu katika maisha yake. Mary hakumwomba Rachel ushauri alipokuwa na hila za sabuni tu. Alimtaka mwili na roho, adhabu na aibu. Iwapo rafiki hufaa kwa upuuzi lakini hafai kwa jambo la maana, basi alikuwa chombo, na chombo kina haki ya kulalamika kikipata ulimi.

Upande wa Mary nao una neno. Wito wa namna hii si shauri la kupigiwa kura na wawili. Ukisemwa kabla haujakomaa huvunjwa na kicheko kimoja, au hushikwa kwa ukaidi kwa sababu ya kicheko hicho, na yote mawili ni hasara. Tena hakuwa amejifunga milele: sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka unovisi usiopungua mwaka mmoja, kisha nadhiri za muda za miaka isiyopungua mitatu, kabla ya nadhiri za daima. Kanisa lenyewe, basi, halikuuamini moyo wa msichana upesi. Kwa nini Mary auamini upesi kiasi cha kuutangaza? Katika mwaka 1965 masista wa Marekani walikuwa kama 180,000, na katika miaka iliyofuata maelfu yao waliondoka. Aliyesitasita kusema hakuwa mjinga.

Hata hivyo naona kosa, nalo si la kuamua peke yake. Kosa ni la zamani zaidi. Mary aliujenga urafiki ambao ndani yake hapakuwa na lugha ila ya mzaha, na siku alipohitaji lugha nyingine hakuikuta. Alimwogopa Rachel kama mtu anavyoogopa kioo alichokizoesha kumcheka. Ukimya wake haukuwa udanganyifu. Ulikuwa umaskini walioutengeneza wawili, na Rachel alikuwa na fungu lake.

Wawili hao hupatana kabla ya gari moshi kuondoka, kama ipasavyo filamu ya kuchekesha. Lakini filamu ilitokana na kitabu cha Jane Trahey kilichotoka mwaka 1962, kumbukumbu za siku zake za shule, na Trahey hakuwa sista. Alifanya kazi ya matangazo ya biashara. Maana yake ni kwamba hadithi ya Mary tumesimuliwa na Rachel. Aliyefichwa siri ndiye aliyekaa miaka mingi baadaye akaiandika, sabuni na masufuria yote yakiwemo, wala hakumpunguzia rafiki yake hata tendo moja la utundu.