Mshahara na Mtoto Aliye Tumboni



Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja, si mahali pa viwanda. Ni pa wavuvi, na pa akina mama walimao mwani maji yapwapo. Mtu aweza kudhani kwamba habari ya sumu za kazini haiwahusu watu wa huko. Lakini nyavu zataka chubwi. Mvuvi akiyeyusha risasi ya betri kuukuu uani kwake (twanena madini, si risasi ya bunduki), moshi humfikia mkewe mja mzito kabla ya jirani.

Sumu hiyo huingia kwa moshi na vumbi, ikajificha mifupani miaka mingi. Mama achukuapo mimba, mifupa hutoa chokaa ya kumjengea mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Yaweza kuharibu mimba, yaweza kudhuru ubongo wa mtoto. Baba naye hasalimiki, kwani mbegu zake za uzazi hupungua nguvu. Hao wanaomsuta mke peke yake nyumba ikikosa mtoto, na wayasikie hayo.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014. Bi Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na damu yake ikaonekana ina risasi. Mama huyo aliacha kazi, akawatetea majirani. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaisimamisha imara amri hiyo.

Katika kitabu cha Kutoka, Farao aliwaonea Waisraeli kwa kazi ngumu, kisha akawageukia watoto wao mikononi mwa wakunga. Mambo hayo mawili yamo katika sura moja.

Wako mabwana wa kazi wasemao, “Basi, tusiajiri wanawake.” Hilo ni kumnyima mama chakula na kumwachia baba sumu. Mja mzito ahamishiwe kazi salama bila kupunguziwa mshahara, na hewa isafishwe kwa ajili ya wote.

Nawe mvuvi, jiwe lenye tundu laweza kuwa chubwi. Lakini ukiwa umekwisha kuishika risasi, sufuria ile isirudi jikoni, ukaoge na kubadili nguo kabla hujampakata mwanao.