KIDOLE NACHO KIFUNGE
Tafakari ya Ramadhani 12, 1446H



Oktoba mwaka huu wa 2025 tuna uchaguzi wa madiwani, wabunge na Rais, na watia nia wameshajaa kwenye simu zetu. Huyu anagawa tende, picha. Yule anamjulia hali mgonjwa, klipu. Chini yake machawa wanasifia. Nia zao tumwachie Allah, nia iko moyoni. Tuulizane la kwetu: mimi ninayesambaza, nina jukumu gani?

Kujitangaza peke yake si dhambi. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba asimamie hazina za Misri, akataja uaminifu na ujuzi wake. Lakini alitaja kinachohusu kazi ile, na wema wake ulishajulikana tangu gerezani, kabla ya cheo. Hicho ndicho kipimo. Posti inasema nini kuhusu maji, zahanati na bei ya kahawa? Na mtu huyu tulimjuaje kabla hajataka kura?

Wako wasiotaka tupime. Mwaka 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimwonyesha kiongozi mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica, aliyerekodiwa kwa siri, akijigamba kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017 kwa jirani zetu Kenya. Alisema pia kwamba kampeni haishindwi kwa ukweli bali kwa hisia: hofu na matumaini ya watu.

Sasa hofu haina miguu, inabebwa na kidole. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kusimulia kila unachosikia kunatosha kuwa uongo. Kwa hiyo "nimeituma kama nilivyoipokea" si udhuru. Ukisambaza la kumchafua mtu, umelitolea ushahidi. Aliyelitunga ataulizwa, na wewe uliyelibeba utaulizwa.

Tena kura zikishahesabiwa, mshindi atakwenda zake Dodoma. Wewe na jirani uliyemkashifu kwa ajili yake mtabaki hapahapa, safu moja ya swala.

Mpende mgombea umtakaye, hiyo ni haki yako. Ila kabla hujabonyeza, jiulize: nimehakikisha? Ningeweza kulisema mbele ya mhusika? Kama huwezi, futa.

Allah azikubali funga zetu, za tumbo, za ulimi na za kidole. Amin.