Angalia na Macho
Matatu ya mita 7.2, ukiiunda kwa kadibodi kwa kipimo cha 1:24, inakuwa ya sentimita 30. Inatoshea juu ya kabati la bedsita. Lakini ukiiweka dirishani jua litakula rangi, na ukiiacha wazi itajaa vumbi, halafu kitambaa cha kupangusa king'oe vioo vya pembeni. Basi unaifungia kwenye kabati la kioo, na mtoto wa jirani anaambiwa, "Angalia na macho." Ni haki? Nadhani ndiyo, kazi ya miezi si mpira. Ila tukiishia hapo, tumemfunza tu kwamba vitu vizuri vina wenyewe. Mpe kadibodi iliyobaki na gundi, ajaribu yake. Hata ikitoka imepinda, ipange humo humo, kando ya yako.