Haya au Kiburi?

Tumeletewa suala ambalo watu wa mji huulizana kwa kunong'ona, na sisi masheikh twalikwepa darsani: je, mwanamume aliyeingiwa na udhaifu wa unyumba akaunyamazia, kunyamaza kwake ni haya ya kisharia, au ni kiburi kilichovaa joho la haya?

Hatuulizi bure. Alitujia baada ya sala ya Isha mtu wa makamo, mfanyi biashara, mwenye kuhudhuria darsa zetu, akataka tumwandikie talaka kwa kuwa mkewe amekuwa mkaidi na mwingi wa maneno. Sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimpa waadhi juu ya subira tukamrudisha kwake. Baada ya miezi miwili akaja tena, na safari hii machozi yalitangulia maneno. Kumbe kwa miaka mitatu hakuweza kumkurubia mkewe. Kila usiku akikawia barazani hata ajue mwenziwe amelala, na akiulizwa hujibu kwa ukali. Mke akadhani amechukiwa, au pana mke wa pili aliyefichwa. Huo ndio ukaidi alioushitaki.

Twaona mizani ya jambo hili ni hii: haya ya kweli humhifadhi mwengine, na kiburi humhifadhi mwenyewe. Basi na atazame mtu ni nani alipaye gharama ya kunyamaza kwake. Mtu huyu alinyamaza yeye, akalipa mkewe.

Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akitokwa na madhii kwa wingi, naye akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa amemuoa bintiye. Hakuliacha suala likafa. Alimtuma Miqdad akamuulizia. Haya yake ilibaki, na elimu akaipata. Na mwanamke aliyekuwa mke wa Rifaa, alipomshitaki mumewe mpya kwa Mtume kwa udhaifu huu huu, aliyetaka akatazwe kusema ni Khalid bin Said aliyekuwa akingoja mlangoni. Mtume hakuzidi kutabasamu.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamemtaja mgonjwa huyu katika mlango wa nikahi, wakamwita innini. Mke akishitaki kwa kadhi, na jambo likathibiti, mume hupewa muhula wa mwaka mzima, kwa kufuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.). Na kwa nini mwaka? Ili zimpitie nyakati zote nne, kwani huenda maradhi yametokana na joto au baridi, ukavu au unyevu, yakaondoka kwa kubadilika wakati. Walimhisabu kuwa ni mgonjwa wa kungojewa. Ni lugha yetu iliyomdhulumu, ikampa jina la hanithi, jina lile lile tutupianalo sokoni kwa matusi. Nani atakayejitaja kwa jina hilo mbele ya tabibu?

Na tabibu ana mengi ya kumwambia. Ugonjwa wa sukari, presha, tumbaku, na baadhi ya dawa za presha zenyewe, zote huweza kuleta udhaifu huu. Na kwa kuwa mishipa ya mahali pale ni myembamba, huenda ikawa ni onyo la maradhi ya moyo kabla hayajadhihiri. Tena iko hofu. Mtu hushindwa siku moja kwa uchovu au kwa fikira za deni, siku ya pili akaingia kitandani kama aendaye mtihanini, na hofu yenyewe ikamshinda. Huko Marekani, William Masters na Virginia Johnson walitoa kitabu mwaka 1970 juu ya tiba hii. Waliwatibu mume na mke pamoja, na mwanzo waliwakataza kuingiliana kabisa, ila kugusana kwa upole, mpaka hofu iwatoke. Si yote yao tuyakubaliyo. Kwa wanaume wasio na wake walitumia wanawake wa kuajiriwa, na hilo ni haramu isiyo na shaka. Lakini kuwaweka mume na mke pamoja mbele ya maradhi ya mmoja wao, hilo twalisifu.

Ama vidonge vya sildenafili vilivyotoka mwaka 1998, vimewafaa wengi. Lakini avimezaye kwa siri, naye yumo katika dawa za moyo za naitreti, aweza kufa.

Ndugu mmoja wa halaka yetu ametupinga: je, hatukukatazwa kutoa siri za kitandani? Ni kweli, na aliyekatazwa ni mwenye kuzitangaza barazani kwa maskhara. Kumwambia tabibu si kutangaza. Na mke hatolewi siri iliyo yake.

Yule mtu alikwenda akapimwa, akakutwa na sukari nyingi asiyoijua. Kama nguvu zimemrudia hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Talaka hakuitaja tena. Alitueleza tu jibu la mkewe usiku alipomfunulia: "Miaka mitatu nimekuwa nikisimama mbele ya kioo, natafuta ila yangu."