Siku Mbili za Faragha: Mwanafunzi wa Pwani Katika Mji wa London

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika lugha ya Kiswahili siku huhesabiwa kutoka Ijumaa. Sala ya Ijumaa ikisha kupita huja Jumamosi, yaani siku ya mosi, na watu wakaanza hesabu mpya. Kijana aliyezaliwa Mombasa, au Lamu, au Unguja, akafika London kutafuta elimu, huikuta hesabu hiyo imepinduka. Ijumaa ni siku ya darsa. Huenda mwalimu akaanza kusomesha saa ile ile khatibu anapopanda mimbari. Kisha Jumamosi na Jumapili madarasa hufungwa, na siku mbili nzima humwangukia mikononi, hana wa kumwuliza alikokuwa wala aliyekuwa naye.

Mtume (S.A.W.) ameitaja afya na faragha kuwa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata khasara kwazo. Mwanafunzi aliye ughaibuni anazo zote mbili kwa pamoja, tena anazo mbali na macho ya babake.

Wazazi wengi humkhofia kijana wao kwa ulevi na zina, na khofu hiyo ni ya haki. Lakini khasara ya faragha mara nyingi huanza kwa jambo dogo zaidi, nalo ni usingizi. Mfano wake ni mwezi wa Desemba. Jua la London huchomoza karibu na saa mbili ya asubuhi, likatua kabla ya saa kumi ya jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia ndani ya muda wa saa nne. Kijana aliyekesha usiku wa kuamkia Jumamosi akaamka saa saba mchana, Alfajiri imekwisha kumpita (na Alfajiri ya siku hizo ni nyepesi kupita zote za mwaka, kwani hata mlalaji huweza kuidiriki saa moja na nusu), na kabla hajamaliza chai yake Alasiri nayo imeingia. Akitoka nje kutazama mji, giza limekwisha kufunga. Hakutenda ovu lolote siku ile, wala hakuonana na mtu.

Kazi ya mshahara pia ni katika mambo ya siku hizo mbili. Sheria ya Uingereza kwa kawaida humruhusu mwanafunzi wa shahada aliyetoka nchi za nje kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na wengi huzimaliza Jumamosi na Jumapili katika mikahawa na mahoteli. Kutafuta riziki si aibu. Mwenyezi Mungu ameamrisha watu watawanyike katika ardhi kutafuta fadhila zake ikisha sala ya Ijumaa. Lakini laana ya pombe haikumkhusu mnywaji peke yake: imemgusa na mwenye kuibeba na mwenye kuiuza. Kijana aliyetiwa sinia ya mvinyo mkononi, akanyamaza kwa ajili ya ujira, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa yeye hakunywa. Maduka ya nguo nayo huajiri watu.

Misikiti haikosekani katika mji ule. Kituo cha Kiislamu cha Regent's Park kilifunguliwa mwaka wa 1944, na msikiti wake wenye kuba la rangi ya dhahabu ukakamilika mwaka wa 1977. Upande wa mashariki uko msikiti wa Whitechapel, ambao asili yake ni nyumba za Commercial Road zilizofunguliwa kwa sala mwaka wa 1941. Lakini mtu aweza kusali katika msikiti wa maelfu ya watu mwaka mzima, akatoka bila ya kujulikana jina lake. Katika mitaa ya pwani, mtu asipoonekana msikitini Magharibi wala Isha, asubuhi yake huja mtu kubisha hodi. London haina hodi hiyo, ila kwa mwenye kuitafuta.

Gari la moshi litokalo Waterloo hufika Woking kwa muda wa nusu saa hivi. Hapo pana msikiti uliojengwa mwaka wa 1889 na Gottlieb Leitner, mtaalamu wa lugha za mashariki, kwa msaada wa fedha za Shah Jahan, Begum wa Bhopal katika Bara Hindi. Nao ndio wa kwanza uliojengwa makusudi kuwa msikiti katika nchi ya Uingereza. Kituo kinachofuata ni Brookwood, penye makaburi makubwa yaliyofunguliwa mwaka wa 1854, na sehemu yake moja ni ya Waislamu. Amezikwa hapo Marmaduke Pickthall, Mwingereza aliyesilimu, aliyetoa tafsiri yake ya Qurani mwaka wa 1930 akafariki mwaka wa 1936. Na amezikwa hapo Abdullah Yusuf Ali.

Khabari ya Yusuf Ali yamkhusu kila mwanafunzi. Alizaliwa Bombay mwaka wa 1872, akafika Cambridge mwaka wa 1891 hali ni kijana wa miaka 19, mgeni kama walivyo wageni wa leo. Akapata cheo katika serikali ya Bara Hindi, akatunga vitabu, akaifasiri Qurani kwa Kiingereza, tafsiri iliyoanza kutoka Lahore mwaka wa 1934 na ambayo hata leo imo katika nyumba nyingi za pwani. Alikuwa miongoni mwa wadhamini wa mfuko wa msikiti wa London. Lakini nyumba yake ilivunjika, wanawe wakafarakana naye, na uzeeni akawa akizunguka mji ule peke yake. Tarehe 9 Desemba 1953, wakati wa baridi, polisi walimkuta nje katika Westminster, hali yake dhaifu. Kesho yake akafariki katika hospitali ya Fulham. Hakutokea jamaa wa kumzika. Maziko yake yalishughulikiwa na ubalozi wa Pakistan.

Mtu huyu alikuwa na elimu, na misikiti aliijua, na jina lake lilikuwa katika vitabu. Hakuwapo wa kuuliza: Leo mzee hakuonekana, yuko wapi?

Na wazee wa namna hiyo wamo London hata sasa, wa Kisomali, wa Kiyemeni, na wa Kizanzibari waliohama baada ya mwaka wa 1964, wengine wakikaa peke yao katika vyumba vya juu. Kijana akimwendea mmoja wao Jumapili, akampikia wali kwa tui la mkebe, hata ukitoka boko, mzee atamsimulia mambo ya kwao ambayo babake mwenyewe hakumsimulia. Akipenda elimu zaidi, katika maktaba ya SOAS, karibu na Russell Square, zimehifadhiwa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ndani yake mna mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliyokusanywa na W. E. Taylor. Ni wangapi waliosoma mlango wa pili na hati hizo, wakarudi kwao bila ya kuziona?

Baba amfungiapo mwanawe mizigo humtilia nguo za baridi, na msahafu, na achari ya embe. Naamtilie pia karatasi yenye jina la mzee mmoja wa huko na mahali anapokaa, na Jumapili ya kwanza amuulize kama amekwisha kubisha hodi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana walio safarini, na awarehemu waliolala Brookwood. Amin.